Kilio cha Kuamia Ndege

Muuguzi aliuliza swali dogo tu, tena kwa upole: katika ukoo wenu, yupo aliyewahi kujiua? Baba akajibu hapana. Alijibu haraka, kama anafukuza inzi, akakaa sawa kwenye kiti, kofia yake magotini. Mdogo wangu alikuwa katikati yetu ameinamisha kichwa, anachezea kifungo cha shati. Nikamwona anatabasamu kidogo. Alijua jibu lingekuwa hilo tangu hatujapanda basi.

Kwetu binti hamkanushi baba yake mbele ya mgeni, hata baba akisema jua linachomoza Tabora peke yake. Lakini moyoni nilishasema: nitarudi hapa, na nitarudi bila huyu mzee.

Kwetu ni Kasansa, huko Mpimbwe, nyumba ya wakulima wa mpunga wenye ng'ombe wa kuhesabika. Mimi niliolewa Mpanda mjini, nakaa Kawajense, nashona nguo. Mdogo wangu alikuwa kitindamimba wa mama yetu. Nilimbeba mgongoni mpaka watu wakanitania kwamba nimezaa kabla ya kuvunja ungo. Alikuwa wangu. Sijui kusema vingine.

Ili jibu la baba lieleweke, lazima nimtaje mtu ambaye nyumbani hatajwi. Baba alikuwa na mdogo wake. Mimi namkumbuka kwa mbali: mrefu, mcheshi kupita kiasi siku nyingine, na siku nyingine anashinda ndani, mlango umefungwa, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Alijiua nikiwa bado msichana mdogo, huyu kitindamimba hajazaliwa. Na kwa ukoo wetu, mtu aliyekufa hivyo haliliwi. Hakuna moto wa matanga uani. Wanawake hawaji kulala msibani, jirani haleti unga wala kuni. Wanaume wachache wanachukua majembe, wanamzika upesi, wanarudi, wananawa, wanakwenda kwenye shughuli zao. Wazee wanasema ukimlilia mtu wa hivyo unamwonyesha mwingine njia. Jina lake halipewi mtoto, na kuanzia siku hiyo halisemwi. Bibi yetu, aliyemzaa kwa uchungu wake mwenyewe, aliambiwa anyamaze, akanyamaza.

Ila bibi alikuwa na akili zake. Mpunga ukianza kukomaa, ndege aina ya kwelea wanakuja kama wingu, na usipowaamia unavuna makapi. Kazi ya kuamia ndege ni ya bibi na watoto. Unapanda kwenye dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, unavuta kamba zilizofungwa makopo, unapiga kelele kuanzia kunapambazuka mpaka jua linazama. Kila shamba lina mtu wake anayepiga kelele. Hakuna anayesikiliza mwenzake anasema nini. Bibi aliona hapo ndipo pa kulilia. Mwaka mzima anatembea uso mkavu, anasubiri mpunga utoe masuke. Kisha anapanda dungu, anapaza sauti pamoja na wengine: hoo, hoo, mwanangu hoo!

Sisi wakubwa tulisikia, tukafanya hatusikii. Yeye kitindamimba hakuwa na ustaarabu huo. Alikuwa na miaka kama saba, ndiye msaidizi wa bibi kwenye dungu, na walikuwa na utani wao: bibi anamwita mume wangu, yeye anamwita mke wangu. Siku moja akamuuliza, "Mke wangu, mbona unawaita ndege mwanangu? Ulizaa ndege?"

Bibi akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, mimi nilikuwa chini nafunga kamba na sikuona vizuri. Kisha akamwambia. Akamwambia kila kitu, jina na yote, kama anavyomwambia mtu mzima. Nadhani alikuwa amechoka kubeba peke yake, na mtoto ndiye aliyeuliza.

Jioni ile tumekaa kula, baba na wanaume kwenye mkeka wao, sisi na mama karibu na jiko, mtoto akapaza sauti kutoka upande mmoja wa ua mpaka wa pili: "Baba, na mimi nikifa kama baba mdogo, mtakataza nisililiwe?"

Mkono wa baba ulisimama kwenye bakuli. Halafu akanyanyuka, akachomoa fimbo ya ng'ombe ukutani, na akampiga yule mtoto mpaka mama akajitupa katikati. Nilikuwa nimeshamwona baba akipiga. Alitupiga wote, si jambo la kushangaza kwa nyumba za wakati ule. Lakini hiyo haikuwa hasira ninayoijua. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Mtu mzima mwenye ng'ombe na sauti yake kanisani, alikuwa anaogopa mtoto wa miaka saba. Mama alimkanda mwanawe kwa maji ya moto siku nyingi, na bibi hakupelekwa tena kuamia ndege. Walisema amezeeka. Alikufa mwaka uliofuata, na yeye alililiwa sana, kwa matanga makubwa.

Kuanzia fimbo ile, baba hakumwangalia tena mtoto wake kama mtoto. Alikuwa anamtafuta mtu mwingine usoni mwake. Akinuna kidogo: "Umeshaanza ya yule." Akikataa chakula: "Yule naye alianza hivihivi." Hakusema yule ni nani, na hakukuwa na haja. Kwa hiyo mdogo wangu alikua akijua mambo mawili: kwamba anafanana na mtu, na kwamba mtu huyo alizikwa kama mzoga. Mimi nina hasira na hilo mpaka leo. Nashona, napiga cherehani, na hasira ipo palepale.

Ugonjwa wenyewe ulikuja kwa sura nzuri. Alikuwa kidato cha tatu, likizo, mvua zimeanza. Akaanza kuamka kabla ya majogoo na kwenda shambani peke yake. Baba akifika anakuta majaruba ya mpunga yameshalimwa, kijana anaimba, macho yanang'aa. Halali. Anaongea bila kumeza mate. Leo anataka kuchimba bwawa la samaki, kesho anataka kupanda mitiki mpaka mpakani mwa hifadhi, jioni ameshampa kijana wa jirani viatu vyake vya shule kwa sababu amempenda tu. Mama alikuwa na wasiwasi. Baba alifurahi! Kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia anamsifu mbele ya watu: "Sasa huyu ndiye mwanaume." Mdogo wangu alilipokea neno lile kama mtu aliyeshinda na njaa.

Kisha akaanguka. Mvua zikiwa bado hazijaisha, akageukia ukuta, na hakugeuka. Hakuoga. Akiitwa anaitika kwa sauti ya mtu aliye kisimani. Baba akasimama mlangoni na kusema mpunga haumsubiri mvivu. Sifa zote zikafutwa. Na ikawa hivyo kwa miaka: akipanda, ni mwanaume, akishuka, ni yule. Tuliombea kanisani, tulikwenda kwa mganga huko Majimoto akachanjwa kifuani, akapata nafuu kila mara, kwa sababu hali hiyo huondoka yenyewe na kurudi yenyewe. Kila mtu alidai dawa yake ndiyo iliyofanya kazi.

Mimi ndiye niliyelazimisha hospitali. Nilimwambia baba kama hataki kuja, nitakuja na mume wangu, na watu wataona mkwe ndiye anayeuguza. Akaja.

Siku chache baada ya lile jibu la hapana, nilifunga cherehani mapema nikarudi kwa yule muuguzi. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwambia yupo. Baba mdogo wetu. Nikamweleza na fimbo, na dungu, na lile neno yule. Nilikuwa naongea kwa jazba kama nimekuja kugomba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana, dada. Hilo swali siulizi ili kumshitaki mtu. Ugonjwa wa mdogo wako unaitwa baipola, hisia zinapanda na kushuka kuliko mtu anavyoweza kuhimili. Unatembea ndani ya ukoo. Lakini haikuandikwa kwamba lazima afe. Kinachomwongezea hatari ni hayo mengine uliyoniambia: kipigo, kutengwa, na siri. Akiwa chini, msimwache peke yake. Dawa asiache hata akijiona mzima. Na umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Kama anafikiria kujiua. Kwa maneno hayohayo. Hutakuwa unamtia wazo, usiogope. Unampa pa kulitua."

Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu. Alikuwa anakaa kwangu wakati huo, ili awe karibu na dawa. Nilimkuta amekaa chini anachambua vifungo. Nikavuta kigoda, nikajifanya natunga uzi kwenye sindano, nikauliza. Neno lenyewe sikuwahi kulitamka kwa sauti.

Akaacha vifungo. Akasema, "Dada, tangu nizaliwe nyie hamjawahi kuniuliza. Mnaniangalia tu."

"Sasa nimekuuliza."

"Ndiyo. Nafikiria. Siyo kila siku." Kisha akasema kitu ambacho nakisikia nikiwa napika, nikiwa nakata kitambaa, nikiwa kanisani. "Unajua kinachoniuma? Nikiwa hai siruhusiwi kulia. Nikifa siruhusiwi kuliliwa. Sasa mimi ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia mimi nitamlilia. Nikamwambia nitamlilia akiwa kibabu hana jino hata moja, amezika wake wawili, na nitakuwa kikongwe wa kubebwa kwenye baiskeli, lakini nitakuja na nitapiga yowe mpaka Karema wasikie. Akacheka. Akasema, "Basi usisahau." Halafu akalia, na mimi nikalia, na mume wangu alipoingia akatukuta hivyo akarudi nje kuwazuia watoto wasije. Nampenda mume wangu kwa mengi, lakini hasa kwa hilo.

Ule muda aliokaa Kawajense ndio ninaoutamani. Alimeza dawa zake asubuhi na jioni mbele yangu, anatoa ulimi kuonyesha ameshameza, kunitania. Zilimfanya mzito kidogo, akawa anasinzia mchana, akanenepa mashavu. Alijifunza kukunja pindo za sare za shule, na akawa fundi mzuri kwa pindo kuliko mimi. Wateja walimpenda. Akina mama wa Ilembo waliokuja na vitambaa vyao walikuwa wanamwita mkwe. Alikuwa hapandi sana wala hashuki sana. Alikuwa kijana tu, kama vijana wengine, anabishana kuhusu mpira.

Mvua zilipoanza baba akapiga simu. Mguu unamsumbua, majaruba yanasubiri, na kijana wake wa pekee aliyebaki amekaa mjini anashona kama mwanamke. Mimi nilikataa. Nilikataa kwa sauti, majirani walisikia. Lakini mdogo wangu mwenyewe alitaka kwenda. "Baba ameniita, dada," aliniambia, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto wa miaka saba kabla ya fimbo. Baba yake amemwita. Ningemfunga kamba? Nikamfungashia dawa za kutosha, nikamsindikiza stendi, nikamsemesha mpaka konda akatucheka.

Yaliyofuata niliyapata kwa mama, baadaye. Kijana alifika na dawa zake na uzito wake. Akawa analima taratibu, anapumzika kwenye tuta. Baba alivumilia siku chache. Kisha akamwambia, na hakumwambia kwa ukali, mama anasema alimwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizi dawa zimekufanya mzee. Ziache kwanza tupande. Tukishavuna utaendelea nazo." Aliziweka juu ya kenchi ya paa, pale tunapoweka mbegu. Kwa mkulima, hakuna mahali pa heshima kuliko hapo. Nataka kusema baba alikuwa mkatili, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini yeye alikuwa ameona mara nyingi kwamba mwanawe bila dawa analima kama watu wanne, anaimba, anampa sifa mbele ya majirani. Kwake huo ndio uzima. Ugonjwa ulikuwa ule wa kugeukia ukuta.

Baba akanipigia simu ya furaha. "Kijana amepona! Majaruba yote yamepandwa!" Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu anaongea na mtu, anaongea bila kumeza mate. Nilimwambia baba amrudishie dawa leo hii. Akasema nisimletee mambo ya hospitali, nimshukuru Mungu. Nikasema nakuja. Mvua ile barabara ilikatika kwa wiki nyingi, magari yakalala njiani, na mimi mwanangu mdogo akashikwa na malaria. Nilimpigia mdogo wangu simu, akanijibu kwa vicheko kwamba yuko sawa, kwamba atajenga nyumba ya matofali, kwamba ananishonea maisha mapya. Baadaye akawa hapokei, mama akasema ameshageukia ukuta. Nikamwambia mama simu ikiwa kwenye sikio lake, usimwache peke yake. Na mama alijitahidi, lakini ilikuwa wakati wa kuvuna, na wakati wa kuvuna mwanamke hana mahali pa kukaa.

Mpunga wote uliingia ndani. Niliwaambia Jumamosi namfuata. Alhamisi mama akapiga simu, nikasikia anapumua tu. Nikajua.

Namna alivyokufa siandiki. Hiyo ni yake.

Nilifika Kasansa wanamaliza kuchimba. Uani hapakuwa na moto. Hapakuwa na viti vya kuazima, wala sufuria kubwa, wala wanawake wenye kanga viunoni. Jirani aliyepewa viatu vya shule miaka ile alikuwa amesimama nje ya ua, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Mama alikuwa amekaa sakafuni ndani, ameuma kona ya kanga yake kwa meno, macho makavu yametoka. Mama alikuwa anatii. Kaka mkubwa wa baba ndiye aliyekuwa akisimamia, na aliponiona akanyanyua kiganja: "Binti, unajua utaratibu. Hakuna kulia hapa."

Nilijua utaratibu. Ila nilikuwa nimeahidi.

Nikapiga yowe. Sikuwahi kujua nina sauti hiyo. Nililia kwa jina lake, jina lake kamili na lile la utani, nikaanguka chini kwenye vumbi la ua wetu kama watu wanavyomlilia mtu aliyependwa. Wakaja kunishika. Mmoja akanibana mkono, mwingine akaniziba mdomo, babu fulani akasema mchukueni huyu ataleta balaa. Nikamng'ata aliyeniziba. Nikaendelea. Nikasikia ndani mama ametema kanga, na sauti yake ikatoka, nyembamba kwanza, kama mlango wa zamani unafunguliwa.

Baba alikuwa kaburini, jembe mkononi. Hakutugombeza, na hakutuangalia. Aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kutembea na ule mguu wake mbovu kuelekea shambani. Wanaume wakamwita. Hakugeuka. Akafika katikati ya majaruba, pale penye dungu, akashika nguzo yake, akakohoa.

Halafu akaanza kupiga kelele za kuamia ndege. Hoo! Hoo! Mpunga ulikuwa ndani, shamba ni mabua matupu, na angani hakukuwa na kwelea hata mmoja. Hoo! Alipiga makopo kwa fimbo, akapaza sauti mpaka ikapasuka, na kila mtu uani akasimama alipokuwa. Hata aliyenishika akaniachia. Nikajifuta uso, nikamfuata.

Nilipomkaribia ndipo nikasikia maneno yaliyokuwa ndani ya zile kelele. Baba alikuwa anaita majina mawili. Moja lilikuwa la mdogo wangu. Lakini alianza na lile jingine, la mdogo wake, ambalo nililijua kwa bibi tu na sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na alikuwa analiita kama linavyoitwa jina la mtoto aliyekwenda kucheza mbali na giza linaingia.